Muhula wa Anatomia Ndio Unaoamua

Popote walipo watu wetu Marekani, iwe Minneapolis, Dallas, Columbus au Portland kule Maine, hukosi kumsikia mtu akisema anajiandaa kuingia unesi. Wengine wamelisema hilo kwa mwaka mmoja, wengine wanakaribia kumi. Wengi wao ni CNA, yaani wasaidizi wa manesi wenye cheti. Usiku wanawageuza wazee vitandani, wanawaosha, wanawapima presha, wanaandika ripoti ya zamu. Alfajiri wanapanda basi kwenda darasani. Kumhudumia mgonjwa wanakujua kuliko wengi watakaoketi nao chuoni. Ndiyo maana barua ya kukataliwa na chuo cha unesi huwauma sana, na hapo watu huanza kutafuta sababu: rangi, lafudhi, jina. Ubaguzi upo, na siukanushi. Lakini mara nyingi sababu iko wazi kwenye transkripti, na iliandikwa humo miaka miwili au mitatu kabla ya fomu kujazwa.

Tuanze na ukubwa wa ushindani wenyewe. Mwaka 2021 vyuo vya Marekani vinavyotoa shahada ya kwanza ya uuguzi na zile za juu yake vilikataa maombi 91,938 yaliyotimiza masharti. Hesabu hiyo ni ya AACN, jumuiya ya vyuo vya uuguzi nchini humo. Mwaka 2023 ilishuka hadi 65,766. Haya ni maombi, si vichwa, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuomba vyuo vitatu au vinne, lakini bado ni mengi mno kwa nchi ambayo hospitali zake zinalia kila siku kwamba hazina manesi. Kizuizi kiko katikati, kwenye vyuo vyenyewe. Walimu hawatoshi, kwa sababu nesi mwenye shahada ya uzamili hulipwa vizuri zaidi hospitalini kuliko darasani. Nafasi za mafunzo wodini nazo ni chache, na majimbo mengi yanaweka kikomo cha wanafunzi ambao mkufunzi mmoja anaweza kuwasimamia mbele ya mgonjwa.

Kwa hiyo chuo hakimtafuti aliyefaulu. Waliofaulu wamejaa. Kinawapanga kuanzia wa juu kushuka chini mpaka viti viishe. Tangazo linaposema GPA, yaani wastani wa alama, ya chini kabisa ni 2.5, ichukulie kama ruhusa ya kuleta fomu, basi. Swali la kumuuliza mshauri wa masomo ni hili: waliochukuliwa mwaka jana walikuwa na wastani gani? Mshauri mzuri atakujibu bila kuzunguka, na jibu lake huwa juu sana ya hiyo 2.5.

Kinachohesabiwa hasa ni kozi za awali: anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili, mikrobiolojia, mara nyingi kemia, kisha takwimu, Kiingereza cha uandishi na saikolojia ya makuzi. Hazina uzito sawa, na hapa ndipo wengi wetu tunapoteza. A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2, na kila alama huzidishwa kwa krediti za kozi. Kozi za sayansi zenye maabara kwa kawaida zina krediti 4, zile nyingine 3. Tuchukue mwanafunzi aliyepata C katika anatomia zote mbili, B katika mikrobiolojia, na A tatu safi katika Kiingereza, takwimu na saikolojia. Jumla yake ni pointi 64 kwa krediti 21, yaani GPA ya 3.05. Mwenzake ana B kila mahali isipokuwa A moja ya mikrobiolojia: pointi 67, GPA ya 3.19. Huyu wa pili ana A moja tu, wa kwanza anazo tatu, lakini wa pili ndiye aliye mbele. Zaidi ya hapo, vyuo vingi hutoa pointi za pekee kwa alama za sayansi, kwa hiyo pengo hilo hupanuka tena.

Na ni katika anatomia ndipo watu wetu wanapoanguka. Akili wanazo. Tatizo kubwa la kwanza ni mazoea tuliyokuja nayo. Waliosoma chini ya NECTA ya Tanzania au KNEC ya Kenya, na ndugu zetu wa Kongo waliokalia mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari, walilelewa wakijua kwamba mtihani mkubwa wa mwisho ndio unaobeba karibu kila kitu. Mtu aliweza kulegea miezi sita, akakesha mwezi mmoja kabla ya mtihani, akatoka na alama nzuri. Chuo cha Marekani hakiendi hivyo. Silabasi unayopewa siku ya kwanza inaonyesha asilimia ya kila kitu: mitihani midogo ya kila wiki, ripoti za maabara, mitihani minne au mitano ya sura, na ule wa mwisho ambao mara nyingi hauzidi robo ya alama zote. Anayeanza kukaza wiki ya kumi anakuta alama imekwishaamuliwa. Isome silabasi hiyo kama mkataba wa nyumba, kila mstari, kabla hujanunua kitabu.

La pili ni namna ya kusoma. Kukariri kunahitajika, hakuna ubishi. Mifupa ya mtu mzima ni 206, na katika mtihani wa maabara utasimama mbele ya kielelezo chenye pini, uandike jina la sehemu iliyochomwa, na tahajia ikikosewa alama hupungua. Lakini nusu ya pili ya somo, ile fiziolojia, haikaririki. Unaulizwa: mgonjwa ametapika siku mbili mfululizo, damu yake imeelekea upande gani, wa asidi au wa alkali? Aliyekariri tarakimu za pH anakwama. Anayejua kwamba tumbo limemwaga asidi, na kwamba mwili huichukua asidi hiyo kutoka kwenye damu ili kuitengeneza upya, anajibu mara moja kuwa damu imepungukiwa asidi. Maswali ya chuo cha unesi chenyewe, na baadaye ya mtihani wa leseni, mengi yako hivyo: nini kinatokea, kwa nini, na ni mgonjwa yupi unamwendea kwanza.

Njia inayosaidia ni kufunga kitabu na kuchora. Chora moyo bila kuangalia, kisha mweleze mwenzako safari ya damu: inaingia chumba cha juu cha kulia, inashuka cha chini, inakwenda mapafuni, inarudi kushoto, inasukumwa mwilini. Eleza kwa Kiswahili kwanza kama ndiko mawazo yako yanakokwenda haraka, halafu rudia kwa Kiingereza cha kitabu. Ukikwama katikati, umeona usichokijua kabla mtihani haujakuonyesha. Kisha nenda ofisini kwa mwalimu. Wengi wetu tumelelewa kuona kwamba kumfuata mwalimu baada ya kipindi ni kumsumbua, au ni kukiri kwamba hujaelewa. Lakini Marekani mwalimu ametenga saa za kuonana na wanafunzi kwa ajili yako, zimeandikwa kwenye silabasi, na wanafunzi wanaoongoza darasa ndio wanaozijaza.

Halafu kuna saa za kazi, na hili linanigusa kuliko yote. Vyuo hushauri saa mbili hadi tatu za kusoma kwa kila krediti kwa wiki. Anatomia ya krediti 4 inataka saa 8 hadi 12 nje ya darasa na maabara, na kwa mtu anayesoma sayansi katika lugha yake ya tatu zinaweza kuhitajika zaidi. Ziweke saa hizo kando ya dabo shifti za Jumamosi na Jumapili na zamu tatu za usiku katikati ya wiki, uone zitakaa wapi. Hazikai. Na bado kila muhula watu hujiandikisha anatomia, kemia na takwimu kwa pamoja ili wamalize haraka, kwa kuwa umri unakwenda na nyumbani wanasubiri. Wanatoka na C mbili na kozi moja waliyojiondoa, na haraka ile inageuka miaka miwili ya kurudia.

Kurudia nako kuna bei. Vyuo vingi huruhusu kozi ya sayansi irudiwe mara moja tu, vingine vinapunguza pointi kwa kila marudio, vingine vinachukua wastani wa alama zote mbili. Kujiondoa hakuna usalama ambao watu hudhani. Ile W inayoandikwa kwenye transkripti haiingii kwenye GPA, lakini ofisi ya msaada wa masomo inaihesabu kama kozi uliyoijaribu ukashindwa kuimaliza. Vyuo vingi vinadai umalize angalau asilimia 67 ya krediti zote ulizojaribu, na ukishuka chini ya hapo ruzuku ya Pell, ile ya serikali kwa wanafunzi, inaweza kusimamishwa. Afadhali kupanga mapema: Kiingereza na saikolojia zisomwe wakati unafanya kazi sana, na kila sayansi yenye maabara ipewe muhula wake, huku zamu zimepunguzwa na akiba ya kodi ya nyumba imewekwa kabla.

Hapo familia na jumuiya wana sehemu yao. Mtu akiwa katika muhula wa anatomia, apunguziwe michango, asitegemewe kuongoza kamati ya harusi, na ndugu wa nyumbani waambiwe ukweli kwamba kwa miezi minne pesa zitakuwa ndogo. Tunajua kuchanga kwa ajili ya msiba hadi dola ya mwisho. Kumchangia kijana malipo ya zamu mbili kwa wiki kwa miezi minne, ili alale na asome, ni gharama ndogo kuliko hiyo, na jumuiya itarudishiwa nesi.

Baada ya kozi huja mtihani wa kuingilia. Vyuo vingine hutumia HESI, vingine TEAS. Toleo la TEAS lililoanza Juni 2022 lina maswali 170 kwa dakika 209: kusoma maswali 45 kwa dakika 55, hesabu 38 kwa dakika 57, sayansi 50 kwa dakika 60, na Kiingereza 37 kwa dakika 37. Hesabu zake si ngumu kwa aliyemaliza kidato cha nne: sehemu, asilimia, uwiano, kubadili gramu kuwa miligramu, na kikokotoo kimo kwenye skrini. Kinachotuumiza ni kasi ya kusoma. Swali la Kiingereza kwa dakika moja linataka jicho lililozoea. Fanya majaribio ukiwa na saa mezani tangu siku ya kwanza, wala usiukalie mtihani wa kweli ili kuonja tu, kwa sababu vipo vyuo vinavyohesabu kila jaribio.

Kwa waliosoma nyumbani kabla ya kuja Marekani, vyeti vya zamani vipelekwe mapema kwa shirika la tathmini ambalo chuo chenyewe kinalikubali, kwa mchanganuo wa somo moja moja. Kupata matokeo kutoka baraza la mitihani hadi yamfikie mthamini kunaweza kula miezi. Ndugu waliotoka kambi za wakimbizi bila karatasi yoyote wanaweza kufanya GED, mtihani unaochukua nafasi ya cheti cha sekondari, na kuanzia hapo, na hakuna chuo cha unesi kitakachowadharau kwa hilo. Jua tu kwamba vyuo vingi havipokei kozi za sayansi zilizopita miaka mitano au saba, hata kama zilikuwa A.

Nataka nizungumze wazi kuhusu njia za mkato, kwa sababu zinauzwa katika vikundi vyetu vya WhatsApp. Januari 2023 serikali ya Marekani iliwafungulia mashtaka watu 25 waliohusishwa na kuuza zaidi ya diploma 7,600 za uuguzi za uongo kutoka shule tatu za Florida. Karibu wanunuzi 2,400 walifaulu hata mtihani wa leseni. Mabodi ya majimbo yakaanza kufuatilia leseni moja baada ya nyingine, na wapo waliozipoteza wakiwa tayari na nyumba na watoto. Kabla ya kulipa popote, hakikisha programu imeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo lako na ina ithibati ya ACEN au CCNE, kisha tazama kwenye tovuti ya bodi ni wanafunzi wangapi wa shule hiyo hufaulu NCLEX, yaani mtihani wa leseni, mara ya kwanza. Mwaka 2023 wastani wa nchi kwa waliosomea Marekani ulikuwa karibu 89 kati ya 100. Shule iliyo chini sana ya hapo inachukua ada yako na kukuacha mlangoni.

Aliyekwisha kukataliwa asijaze fomu ileile mwaka ujao. Aombe kikao na ofisi ya uandikishaji, aonyeshwe alipopoteza pointi. Mara nyingi ni C moja ya mikrobiolojia au sehemu moja ya TEAS, vitu vya kurekebishwa ndani ya muhula. Na kwa mwenye majukumu mazito kipo chuo cha LPN (nesi wa vitendo mwenye leseni) cha takriban mwaka mmoja, ambacho humpa mshahara mkubwa kuliko wa CNA na njia ya kuendelea hadi RN (nesi aliyesajiliwa) akiwa anafanya kazi saa chache. Maombi ya msimu wa vuli hufungwa Januari au Februari katika vyuo vingi, na tarehe ya TEAS hujaa mapema, kwa hiyo mazungumzo na mshauri ni ya mwezi Septemba.