Mcheza Kwao Hutunzwa: Waimbaji wa Jukwaani wa Kale na Nyota wa Leo

Utangulizi

Katika mazungumzo ya wapenzi wa muziki wa Kiswahili, swali moja halikosi kuzuka: je, nyota wa leo waweza kulinganishwa na wale waimbaji mashuhuri wa kale waliovuma kwa kuimba mbele ya watu? Wazee hujibu upesi kwamba hawawezi. Vijana nao hujibu upesi vilevile kwamba wale wa kale wamekwisha kupitwa. Majibu yote mawili yana kasoro moja, nayo ni kwamba hayabainishi kinacholinganishwa. Mmoja hutazama utamu wa sauti, mwingine hutazama wingi wa wasikilizaji. Lakini sauti ni jambo la maumbile na ladha, na wingi wa wasikilizaji ni jambo la mitambo na biashara. Hakuna hata kipimo kimoja kati ya hivyo kinachogusa hasa ufundi wa kuimba ana kwa ana.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti kubwa baina ya vizazi hivi viwili haimo katika vipaji, bali imo katika mpangilio wa kazi. Zamani wimbo ulikuzwa mbele ya hadhira, kisha ukatiwa katika santuri. Siku hizi, aghalabu, wimbo hukamilishwa studioni, kisha ukapelekwa mbele ya hadhira. Mgeuko huo umebadili kazi ya lugha ndani ya wimbo, na hapo ndipo suala hili linapowahusu wanafunzi wa lugha na fasihi. Mifano itatolewa zaidi katika taarabu ya Unguja na Mombasa, na kwa kiasi kidogo katika muziki wa dansi wa Tanzania.

Tatizo la ushahidi

Kabla ya kulinganisha, yafaa kwanza kuuliza ni ushahidi gani uliopo juu ya waimbaji wa kale. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880 na kufariki mwaka 1950, alipelekwa Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti katika santuri. Santuri za wakati huo zilichukua muda wa dakika tatu hivi kwa kila upande. Muimbaji aliyezoea kuukalia wimbo mmoja kwa muda mrefu, akirudia mshororo huu na kuuchelewesha ule kadiri waliohudhuria walivyopendezwa, alilazimika kuukata wimbo wake ili uenee katika kipande hicho cha muda. Tena aliimba mbele ya mtambo, katika mji wa ugenini, pasipo mtu wa kumwitikia.

Kwa hiyo anayeisikiliza santuri ya Siti hamsikii Siti wa barazani. Amsikia Siti aliyepunguzwa. Ni kosa kuitwaa santuri hiyo na kuilinganisha na wimbo wa leo uliotengenezwa kwa ajili ya kusikilizwa katika mitambo tangu mwanzo. Hata hivyo, kosa la upande wa pili nalo ni kubwa. Kumbukumbu ya watu ni chekecheo. Imewahifadhi walio bora na kuwaacha mamia ya waimbaji wa kawaida waliokosea vina, waliopotoka sauti, na waliowachosha waalikwa usiku kucha. Asemaye kwamba ya kale ni dhahabu hana budi kukumbuka kwamba mchanga wake ulikwisha kupepetwa.

Mpangilio wa kale: kutoka barazani hadi katika santuri

Siti na wenzake, miongoni mwao Subeti bin Ambari na Mbaruku Talsam, walikuwa wakikutana nyumbani kwake Ng'ambo, na mambo yaliyotokea mjini yakawa ndiyo mali ghafi ya nyimbo zao. Wimbo wake maarufu uitwao Kijiti ulitokana na kuuawa kwa mwanamke aliyekuwa mgeni Unguja, na ulibeba hukumu ya watu juu ya hukumu ya mahakama. Wimbo wa namna hiyo hauwezi kutungwa na mtu aliyejitenga na wasikilizaji wake. Ulikuwa ni sehemu ya mazungumzo ya mtaa kabla ya kuwa bidhaa.

Mpangilio huo uliendelea kwa muda mrefu, hata katika muziki ulio tofauti na taarabu. Bendi za dansi za Dar es Salaam, kama vile NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964, na Mlimani Park iliyoundwa mwaka 1978, zilipiga nyimbo zao kumbini mbele ya wachezaji. Zilipokwenda kurekodi Radio Tanzania, wanamuziki walikuwa wamekwisha kuona ni ubeti upi uliowagusa watu na ni upi uliopita bure. Rekodi ilikuwa shahidi wa onyesho.

Mfano ulio dhahiri zaidi ni wa harusi za Mombasa. Muhammad Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi mengi ya nduguye, Ahmad Nassir, ambaye diwani yake, Malenga wa Mvita, ilichapishwa mwaka 1971. Zein l'Abdin wa Lamu, bingwa wa udi aliyefariki mwaka 2016, aliimba tungo za Ahmed Sheikh Nabhany. Kanda nyingi za waimbaji hao zilinaswa papo hapo harusini, zikauzwa madukani pamoja na vifijo, vicheko na vigelegele vyake. Mnunuzi hakununua wimbo tu; alinunua usiku mzima wa watu.

Kazi ya lugha katika kutunza

Ili kufahamu muimbaji wa jukwaani alikuwa akifanya nini, sharti itazamwe desturi ya kutunza. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na watu wengi huidhania methali hiyo kuwa inahusu malipo tu. Katika taarabu, kutunza ni tendo la lugha. Mtu huondoka alipokaa, hasa mwanamke katika kundi la wanawake wenziwe, akaenda hadi mbele ya muimbaji, akampa fedha katika mshororo fulani. Kwa kufanya hivyo huutwaa mshororo ule ukawa wake. Yaliyotungwa na malenga na kutamkwa na muimbaji huwa sasa yamesemwa na yule aliyetoa tunzo, na aghalabu yupo mtu katika hadhira ajuaye kwamba yameelekezwa kwake.

Jambo hili lina maana kubwa kisarufi. Nyimbo za taarabu zimejaa nafsi ya kwanza na nafsi ya pili: yuko anayelalamika na yuko anayelalamikiwa, yuko anayependa na yuko anayekataa. Lakini katika maandishi nafsi hizo hazina mwenyewe. Wewe wa kwenye karatasi si mtu yeyote. Onyesho ndilo linalomjaza mtu ndani ya kiambishi. Mtunzaji mmoja akiondoka, nafsi ya kwanza ni yeye na nafsi ya pili ni hasimu wake. Wa pili akiondoka katika ubeti uo huo, nafsi zote mbili hubadili wenyewe. Neno halikubadilika hata kidogo, ilhali maana imegeuka mara mbili katika muda wa dakika moja.

Hapo ndipo ufundi wa muimbaji unapoonekana. Yeye humwona mtu anavyoinuka, akarudia mshororo kabla hajafika, akaushikilia mpaka tunzo itolewe, kisha akaendelea bila ya kuharibu mizani. Huona pia pale ambapo fumbo limekuwa kali mno na ugomvi unakaribia, akahamia ubeti wa upole. Kuchagua, kurudia, kuchelewesha na kuhama, hayo ndiyo mambo manne yaliyompambanua bingwa na muimbaji wa kawaida. Sauti nzuri ilisaidia, lakini haikutosha. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa na sauti kavu iliyokwaruza; nguvu yake ilikuwa ni kuutawala umati, ujuzi alioupata katika taarabu na katika ngoma za unyago pia.

Mpangilio wa leo: kutoka studioni hadi jukwaani

Nyimbo za kizazi kipya, zile ziitwazo Bongo Fleva huko Tanzania na jamaa zake za Kenya, kwa kawaida hutengenezwa kwa utaratibu mwingine. Mtayarishaji huandaa mdundo; msanii huweka sauti juu yake, pengine sentensi moja moja; kasoro husahihishwa kwa mitambo; wimbo husambazwa. Onyesho hufuata baadaye, na mara nyingi msanii huimba juu ya rekodi iliyokwisha kutengenezwa, au hufumbua kinywa tu huku rekodi ikiimba. Hapo onyesho limekuwa shahidi wa rekodi.

Matokeo yake ya kwanza ni kwamba matini imeganda. Rekodi inayopigwa nyuma ya msanii haimngojei mtu aliyeinuka. Haiwezi kurudia mshororo wala kuuruka ubeti. Matokeo ya pili ni kwamba nafasi ya hadhira imebadilika. Si kweli kwamba hadhira ya leo imekaa kimya. Maelfu ya vijana huimba pamoja na msanii tangu neno la mwanzo hadi la mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida katika taarabu ya kukaa na kusikiliza. Lakini kuimba pamoja ni kuthibitisha kilichokwisha kujulikana, na kutunza ni kuongeza ambacho hakikuwapo. Matokeo ya tatu yamo katika utungaji wenyewe. Kwa kuwa wimbo watakiwa kunasa sikio upesi, kibwagizo kimechukua mahali pa ubeti, na fumbo linalohitaji muda ili lifumbuliwe limepungua.

Isisahauliwe, hata hivyo, kwamba malalamiko dhidi ya vijana si mapya. Juma Bhalo alipokuwa akiyavisha mashairi ya Kimvita sauti za filamu za Kihindi, walikuwapo waliolalamika kwamba taarabu inapotea. Taarabu yenyewe ilikwisha kuimbwa kwa Kiarabu katika jumba la Sultani kabla ya Kiswahili kushika usukani kwa mchango mkubwa wa Siti. Kuazima sauti au ala hakujawahi kuuua ufundi wa jukwaani. Kinachouathiri ufundi huo ni kuondolewa kwa nafasi ya kubadilika mbele ya watu.

Waliko warithi

Ikiwa kipimo ni uwezo wa kuitumia lugha papo hapo, basi warithi wa mabingwa wa kale wapo, ingawa huenda hawapatikani pale wanapotafutwa kwa kawaida. Taarabu ya kisasa, iliyoshamiri Tanzania katika miaka ya 1990 kwa ushindani wa Tanzania One Theatre na Muungano, ililaumiwa kwa kuacha fumbo na kushika mipasho ya wazi. Lawama hiyo ina ukweli wake kuhusu utungaji. Lakini taarabu hiyo haikuacha kutunza, na waimbaji kama Khadija Kopa walijulikana kwa kuikabili hadhira uso kwa uso. Nchini Kenya, kundi la Sauti Sol lilipata jina kwa kuimba sauti za kupatana pamoja na ala zinazopigwa jukwaani, mpaka lilipoagana na mashabiki wake mwaka 2023.

Mrithi asiyetarajiwa kabisa ni kijana wa mitindo huru, yule afokaye mistari isiyoandikwa akimjibu mpinzani wake mbele ya duara la watu. Msamiati wake waweza kuwa ni wa Sheng, na vina vyake havifuati ukwapi na utao. Lakini anachokifanya kinafanana na walichokifanya washairi katika ngoma za gungu, ambamo mmoja alifumba na mwingine akatakiwa kufumbua kwa wimbo. Mwenye kumcheka kijana huyo kwa ajili ya lugha yake huenda anamcheka ndugu wa karibu wa malenga anayemsifu.

Hitimisho

Jibu la swali lililoulizwa mwanzoni si moja. Nyota wa leo ambaye kazi yake yote ni rekodi halingani na muimbaji wa kale wa jukwaani, wala hapungui; yumo katika sanaa nyingine, na afaa kupimwa kwa utengenezaji wa rekodi yake. Nyota anayejinadi kwamba anaimba ana kwa ana hana budi kukubali kipimo cha kale: je, hadhira ya usiku huu imeubadili wimbo wake kwa namna yoyote? Ikiwa haikuubadili, basi hapakuwa na onyesho, hata kama uwanja ulijaa.

Swali hili linawarudia pia wasomi. Diwani na tasnifu nyingi zimeyahifadhi maneno ya nyimbo na kuyachambua kama mashairi ya karatasini, zikahesabu mizani na kuacha habari ya aliyetunza, mshororo uliotunzwa, na waliocheka. Kwa njia hiyo wasomi nao wameigandisha matini kama ifanyavyo studio. Waliohudhuria harusi za Mombasa za miaka ya 1960 na 1970 ni wazee sasa, na Nabhany, aliyewaandikia waimbaji na kuwaelekeza watafiti, alifariki mwaka 2017. Kanda zilizosalia zaweza kuhamishwa na kuhifadhiwa kwa mitambo ya leo. Lakini kanda haisemi ni nani aliyeinuka katika ubeti wa tatu, wala kwa nini. Hilo lajulikana na waliokuwapo, nao ndio wa kuulizwa kwanza.