Mlango wa Thames na Pwani Yetu: Nani Ana Ramani?



Sisi tunaokaa London tunauona Thames kama maji ya kijivu yanayopita chini ya madaraja, basi. Hebu tuufuate mpaka baharini. Kule kuna njia za meli za mizigo, wavuvi, mafungu ya mchanga yanayohama, na mitambo 175 ya upepo ya London Array iliyozinduliwa 2013. Kila mmoja ana ramani yake. Taabu huanza ramani hizo zisipokutana.

Uingereza iliunda MEDIN mwaka 2008, mtandao wa taasisi zenye takwimu za bahari, kwa kanuni nyepesi: pima mara moja, tumia mara nyingi. Kila taasisi hubaki na takwimu zake, ila zote hueleza kwa namna moja: nani kapima, lini, na sifuri yake iko wapi. Hili la sifuri si dogo. Chati ya mabaharia huhesabu kina kuanzia maji ya bamvua yakikupwa kabisa. Ramani ya nchi kavu huanzia usawa wa wastani wa bahari. Ukizibandika hivi hivi, kwenye mlango wa Thames utakosea kwa zaidi ya mita mbili!

Faida ya kukutanisha ramani ilionekana 2014. Awamu ya pili ya London Array iliachwa, sababu kubwa ikiwa ni wasiwasi juu ya ndege wa majini wanaokuja hapo wakati wa baridi. Hesabu ya ndege iliwekwa juu ya ramani ya mitambo, ikasikilizwa.

Na kwetu je? Miaka ya 1820 Kapteni William Owen alipima pwani yetu, chati zikachapishwa huku London kwa ajili ya meli za Kiingereza. Mwaka 2016 mambo yaligeuka: Wazanzibari wenyewe walianza kurusha ndege ndogo zisizo na rubani kuipiga picha Unguja na Pemba, na picha zikawekwa wazi.

Lakini picha ya angani haikwambii shamba la mwani ni la mama gani, wala dago la wavuvi liko wapi msimu wa kaskazi. Mwenye hoteli akija na ramani, na mama wa mwani hana, nani atasikilizwa?

Kushirikiana si kuanika kila kitu, maana mwamba wenye pweza ukitangazwa ovyo utakwisha. Wenyeji waamue kipi kionyeshwe. Ila wawemo kwenye ramani kabla mipaka haijachorwa.