Kuisoma Antena: Utangulizi

Milingoti ya simu hapa Kamina, masahani juu ya mabati na fimbo ya redio ndogo vyote ni antena, na vyote hutii kanuni moja, ile ya urefu wa wimbi. Ukiishika, historia ya karne nzima ya 20 itakufungukia. Usiogope: hesabu yake ni kuzidisha na kugawanya tu.

Tuanze na msingi. Antena ni chuma kinachogeuza umeme kuwa mawimbi ya redio, au mawimbi kuwa umeme. Umeme ukienda na kurudi upesi ndani ya waya, sehemu ya nguvu yake huuacha waya na kusafiri angani. Idadi ya mizunguko hiyo ya kwenda na kurudi kwa sekunde huitwa masafa. Megahezi moja ni mizunguko milioni moja kwa sekunde. Umbali ambao wimbi hupita katika mzunguko mmoja ndio urefu wa wimbi. Gawanya 300 kwa megahezi, utaupata kwa mita.

Huenda unadhani antena ndefu zaidi ndiyo bora. Sivyo. Waya hufanya kazi vizuri ukiwa nusu ya urefu wa wimbi: umeme unaorudi kutoka ncha hukutana na msukumo mpya, nguvu zikaungana. FM ya megahezi 100 ina wimbi la mita 3, hivyo hutaka waya wa mita moja na nusu.

Sasa twende kwenye historia. Kuanzia 1911, Mbelgiji Robert Goldschmidt aliongoza ujenzi wa vituo vya telegrafu isiyo na waya kutoka bandari ya Banana hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Kimoja kilikuwa Kikondja, kando ya Ziwa Kisale, katika mkoa wetu wa Haut-Lomami. Sababu ni kwamba nyaya za telegrafu ya kawaida zilikatwa na miti na tembo. Mawimbi yalipita juu ya yote hayo. Lakini yalikuwa marefu, mamia ya mita, kwa hiyo yalidai milingoti mirefu, na radi za tropiki ziliyavuruga.

Miaka ya 1920 wataalamu walitambua thamani ya mawimbi mafupi, ambayo hurudishwa chini na ionosfera, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme. Mwaka 1943 mji wa Léopoldville uliwasha mtambo wa kilowati 50 uliotangaza kwa mawimbi hayo hadi Ulaya. Foni (redio za mawasiliano) za misheni nazo zilitosheka na waya uliotundikwa kati ya miti: kwa megahezi 7, mita 21 hivi.

Mwaka 1926, huko Japani, Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi walieleza antena ya vyuma sambamba inayoelekeza wimbi upande mmoja. Ndiyo iliyoenea kwenye paa za wenye televisheni. Mawimbi yakazidi kufupika: simu ya megahezi 900 ina wimbi la sentimita 33 tu, na antena yake imefichwa ndani.

Basi karne ile ilikuwa safari ya kulifupisha wimbi. Jaribu mwenyewe: tafuta antena ya televisheni, pima kwa mita kile chuma kinachofungwa waya, zidisha kwa 2, kisha gawanya 300 kwa jibu lako. Utapata, kwa makadirio, megahezi ambazo fundi alizikusudia.