Tabora Kati ya Mchina na Mmarekani

Katikati ya karne ya 19, mpagazi wa Kinyamwezi aliyeondoka Bagamoyo na mzigo begani mara nyingi alikuwa amebeba kazi ya viwanda vya Marekani. Kitambaa cha merikani kilifumwa Massachusetts, kikaletwa Unguja kwa meli za Salem, kisha kikapandishwa bara hadi Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo. Huko kilikuwa fedha hasa: kwa kitambaa watemi walilipwa hongo, wapagazi wakapewa posho, na misafara ikanunua chakula. Pembe za ndovu zilirudi pwani kwa njia hiyo hiyo, na nyingi ziliishia Connecticut kuchongwa vitufe vya piano.

Mmarekani, basi, si mgeni hapa. Mkataba wake wa biashara na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na konseli wake alianza kazi Unguja mwaka 1837. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilimkatia pamba, na nguo za Uingereza na India zikaingia sokoni.

Sasa zamu ni ya Mchina. Desemba 2022, Shirika la Reli Tanzania (TRC) lilisaini mkataba na kampuni mbili za China, CCECC na CRCC, kujenga reli ya kisasa (SGR) kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, kwa takriban dola bilioni 2.2. Kampuni hizo hizo ndizo zilizopewa kipande cha Mwanza hadi Isaka. Vipande vya Makutupora hadi Tabora na Tabora hadi Isaka viko kwa Yapi Merkezi ya Uturuki. Tabora inabaki njia panda kama ilivyokuwa tangu reli ya Wajerumani ilipofika mwaka 1912, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likachepuka mwaka 1928.

Macho ya mataifa makubwa yako ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kongo ndiyo inayotoa sehemu kubwa kuliko zote ya kobalti ya dunia, madini yanayotumika kutengeneza betri za simu na magari ya umeme. Mwaka 2016 kampuni ya Kimarekani ya Freeport-McMoRan iliuza hisa zake za mgodi wa Tenke Fungurume, Katanga, kwa China Molybdenum kwa dola bilioni 2.65. Wakati ule Washington haikupiga kelele. Leo inahangaika. Shirika lake la fedha za maendeleo, DFC, limeahidi mkopo wa dola milioni 553 kwa reli ya Lobito, inayotoa madini ya Kongo kupitia Angola hadi Bahari ya Atlantiki, na Desemba 2024 Rais Joe Biden alikwenda Angola mwenyewe. Miezi mitatu kabla, jijini Beijing, Rais Samia Suluhu Hassan na mwenzake wa Zambia, Hakainde Hichilema, walikuwa na Xi Jinping wakishuhudia hati ya kuifufua TAZARA, reli ya kutoka Zambia hadi Dar es Salaam, ikisainiwa. Mmoja anavutia shehena magharibi, mwingine mashariki.

Anayetaka kuuona mkono wa China karibu zaidi aende Sojo, wilayani Nzega, mkoani Tabora. Kiwanda kilichozinduliwa hapo mwaka 2024 kwa ajili ya bomba la mafuta la Uganda hupokea mabomba ya chuma yaliyotengenezwa China, kila moja likiwa na urefu wa mita 18, yaliyosafirishwa kwa malori kutoka bandari ya Dar es Salaam. Kila moja hufunikwa kwa povu la kuhifadhi joto, kisha kwa ganda la plastiki ngumu, kwa sababu mafuta ghafi ya Uganda yana nta na huganda yakipoa. Lazima yasafiri yakiwa na joto la nyuzi kama 50 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. Kampuni ya taifa ya mafuta ya China, CNOOC, ina hisa asilimia 8 tu katika bomba hilo la mafuta. TotalEnergies ya Ufaransa ina 62, na Uganda na Tanzania zina 15 kila moja.

Wengi hudhani kila anachojenga Mchina ni msaada. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilikuwa mkopo usio na riba baada ya nchi za Magharibi kukataa. Tabora hadi Kigoma ni habari nyingine: Mchina ni mkandarasi anayelipwa, na sehemu ya fedha ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambayo Desemba 2023 iliidhinisha karibu dola milioni 696 kwa Tanzania na Burundi, kwa ajili ya kipande hicho na kile cha Uvinza hadi Malagarasi na kuingia Burundi. Mlipaji ni Mtanzania, na mlipaji ana haki ya kuweka masharti.

Masharti si jambo geni Unyamwezi. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipogombana na Waarabu wa Unyanyembe, aliifunga njia ya Ujiji, na wafanyabiashara wa pwani wakalazimika kutambua kuwa kuna mwenye nchi.

Siku hizi hakuna haja ya bunduki. Yanatosha maandishi ya mkataba. Tabora ina Chuo cha Reli, na treni za SGR zinakwenda kwa umeme. Vijana wa chuo hicho wafundishwe kuziendesha na kuzitengeneza wakati mkandarasi angali kazini. Reli ya Tabora hadi Kigoma itapita Urambo na Kaliua, kwa wakulima wa tumbaku. Wajengewe sehemu za kupakia mizigo yao, na nauli yake itangazwe mapema, kabla ya madini ya Kongo kujaza mabehewa.