Kuchagua Chembe cha Mshale

Wako watu wadhanio kwamba mshale ni mshale tu. Sivyo. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, kaskazini ya Mkoa wetu wa Dodoma, huwinda kwa upinde hata leo, nao humtazama mnyama kwanza, ndipo wachague chembe.

Kwa ndege hutumia mshale wa mti mtupu uliochongwa ncha, maana hapana haja ya kupoteza chuma. Kwa digidigi na wanyama wadogo hutumia chembe kipana cha chuma, ambacho mara nyingi ni msumari uliopondwa bila moto. Yafaa tufahamu kuwa risasi huua kwa kishindo, bali chembe huua kwa kukata. Kikiwa butu, mnyama hukimbia na jeraha lake, akateseka bure, na mwindaji akalala na njaa.

Kwa mnyama mkubwa kama pundamilia au twiga, makali peke yake hayatoshi. Hapo chembe hupakwa sumu iliyopikwa kwa utomvu wa mmea, ambayo hushambulia moyo. Mwindaji hamkimbilii mnyama. Hungoja, kisha hufuata nyayo taratibu.

Kuwinda bila kibali cha serikali ni kosa la sheria. Lakini kuuliza si kosa. Wasandawe wa mkoa wetu nao walisifika zamani kwa upinde. Basi ninyi wenye babu huko Usandawe, likizo ikifika waulizeni, mkayaandike majibu yao.