Mlezi wa Miaka 15

Siku ya kliniki ya kifua kikuu, binti wa miaka 15 hufika kuchukua dawa za mama yake. Humjibu muuguzi kila swali: mgonjwa amekula, amemeza dawa, kikohozi kimepungua. Ni nadra kuulizwa nani amebaki na wadogo zake, au kwa nini siku ya masomo hayuko shuleni. Matibabu ya kifua kikuu cha kawaida huchukua miezi 6, muda unaotosha kumpotezea mtoto mwaka mzima wa masomo.

Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, hata kama ndiye anayeinjika chungu nyumbani. Hata hivyo, kumwambia aache yote ni kosa la wenye nia njema. Binti huyo hujivunia kazi yake. Tena huhofu kwamba akisema ukweli, yeye na wadogo zake watatenganishwa. Afisa ustawi wa jamii mwenye busara humwomba kwanza asimulie siku yake tangu alfajiri: maji, uji, dawa, kufua. Ndipo huonekana kipi kitachukuliwa na shangazi, kipi na mhudumu wa afya ya jamii, na mwalimu aelezwe nini, kwa ridhaa ya binti.

Naye apimwe kifua kikuu, maana hulala chumba kimoja na mgonjwa. Jambo hilo, ajabu, husahaulika.

Kazi zipi abaki nazo, aulizwe mwenyewe. Pengine atachagua kumsuka mama nywele.