Nyuki na Nyigu Karibu na Nyumba

Leo twapenda kuzungumza habari za wadudu wenye miiba wakaao karibu na nyumba zetu. Mahali kama Kitai, kando ya njia itokayo Songea kwenda Mbinga, misitu ya miombo haiko mbali na mashamba, na wadudu hawa hawana safari ndefu kufika uani. Watu wengi wakiwaona hushika mwenge wa moto mara moja. Shauri letu ni hili: kwanza mjue mdudu, ndipo uamue la kufanya.

Nyigu ni mwembamba kiunoni. Wako wajengao kwa udongo ukutani, kila mmoja peke yake. Hao si wakali. Wako wengine wajengao kiota kama karatasi upenuni, nao hukilinda kwa pamoja. Mwiba wa nyigu humchoma mtu mara nyingi. Lakini mwiba wa nyuki una vijino kama ncha ya ndoana. Hukwama katika ngozi pamoja na mfuko wa sumu, naye nyuki hufa. Hapo hutoka harufu iwaitayo wenziwe, na ndiyo sababu mmoja akichoma huja mia.

Ukali huu wa nyuki wetu ni tabia ya kuzaliwa. Mwaka 1956 malkia wa nyuki wa Afrika walipelekwa Brazil, na mwaka 1957 makundi 26 yakatoroka. Uzao wao ulienea Amerika hata ukafika Marekani mwaka 1990, wakali vilevile.

Kundi la nyuki likining'inia mtini kama kikapu, mara nyingi liko safarini, nalo huondoka baada ya siku moja au mbili. Liacheni, na watoto wasilirushie mawe. Lakini nyuki wakiisha kujenga masega katika tundu la ukuta, wana watoto na asali ya kulinda. Mwiteni mrina asali aje jioni na moshi wake, maana moshi huifunika ile harufu ya hatari.

Moto chini ya paa la nyasi wakati wa kiangazi waweza kuteketeza nyumba na chakula cha mwaka mzima, kwa ajili ya kiota kisichozidi kiganja cha mkono. Kiota kidogo cha nyigu chaweza kumwagiwa maji ya sabuni usiku, naye afanyaye hivyo ajifunike mwili wote. Tena yafaa kuziba matundu ya kuta kwa udongo, kuondoa mitungi mibovu na masanduku matupu, na kufunika maji ya kunywa. Wala mbuzi asifungwe kamba karibu na mzinga, kwani hana njia ya kukimbia.

Nyuki wakikushambulia, usiwapigepige. Funika uso kwa nguo, kimbia, ingia nyumbani na kufunga mlango. Usijitose majini, watakungoja juu. Kisha toa miiba upesi, hata kwa ukucha, maana mfuko wa sumu huendelea kusukuma. Osha kwa sabuni, ukaweke kitambaa cha maji baridi.

Wako watu ambao mwiba mmoja tu huwatia hatarini. Mtu akivimba midomo, akipumua kwa shida au akiona kizunguzungu, msingoje dawa ya mizizi. Mpelekeni hospitali saa ile ile, apate sindano ya adrenalini. Fanyeni hivyo pia kwa aliyechomwa mara nyingi, hasa mtoto au mzee.

Tusisahau kwamba maboga hayazai pasipo wadudu wa kuchukua chavua, na kwamba nyigu wengi huwinda viwavi wa mboga. Basi tusiwachukie wadudu hawa. Tuwawekee mpaka, kila mmoja akae kwake, nasi tutapata asali na usingizi pia.